Leso Shingoni mwa Shemeji

Bendi yetu ilikuwa ya watu watatu, na wote watatu tulivaa kofia za pama, buti, na leso shingoni, kama wachunga ng'ombe wa Marekani. Watu wa Dodoma walitucheka miaka mingi kwa zile nguo, lakini walikaa wakasikiliza. Mwimbaji alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa na ile sauti. Wazungu wana jina lake, nimeambiwa mara nyingi na halikai kichwani. Sisi tulisema anavunja sauti. Anaanza chini kifuani, halafu inakatika ghafla na kurukia juu, nyembamba, inashuka, inapanda tena, na wewe unayesikiliza tumbo linapanda na kushuka nayo.

Alijifunza kwenye kaseti ya dereva wa katapila, zamani alipokuwa kibarua wa barabara. Yule dereva alikuwa na kaseti moja tu ya nyimbo za wachunga ng'ombe wa huko, na aliipiga mpaka utepe ukalegea. Ingawa mimi nasema shemeji alikuwa anajua tangu utoto. Sisi Wagogo tukiimba huwa tunarusha sauti, na mtu aliyechunga ng'ombe uwandani lazima ajue kumwita mnyama aliye mbali. Kaseti ilimwonyesha tu kwamba jambo hilo linaweza kukaa pamoja na gitaa.

Mimi nilipiga zeze. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hata hilo la tatu sikulimaliza, kwa hiyo zeze ndilo lililokuwa elimu yangu. Wa tatu ni Mrangi wa Kondoa, fundi seremala, aliyepiga besi ya sanduku la mbao na kamba moja nene. Ni mtu wa swala tano na baa hazipendi, kwa hiyo tulikuwa tunapiga mchana, watu wakila nyama choma, na ndivyo walivyotujua hawa wafanyakazi wa serikali waliohamia mjini. Kila Mrangi akitufikia alikuwa anasema, "Haya, Wagogo wangu wa Marekani, ng'ombe wako wapi leo?" Shemeji anamjibu kwamba wamekwenda Kondoa kuoa. Besi yake niieleze vizuri siku nyingine. Naona nazungukazunguka kwa sababu ninapotakiwa kufika sipapendi.

Leso zilikuwa wazo langu. Kofia tulizipata mnadani, buti kila mtu kwa njia yake, na mimi nikasema bado hatujakamilika, wale watu hufunga leso shingoni kwa ajili ya vumbi, na kama ni vumbi hakuna anayetushinda. Dada yangu akazikata kwenye kitambaa chekundu akazipinda kwa mkono.

Sasa shemeji na shemeji kwetu ni utani mtupu. Tangu alipomwoa dada yangu sikumbuki kama niliwahi kumjibu neno moja la kweli, wala yeye mimi. Akisema njaa inamuuma, namwambia hiyo si njaa, ni uchoyo unatafuta pa kutokea. Kwa hiyo aliposema, mwaka ule mambo yalipoanza, kwamba anasikia kitu kinambana kooni, nilimwambia ni mahari aliyoikwepa imemkwama hapo. Alicheka sana. Mrangi naye alicheka. Tukaendelea.

Ningependa kuishia hapo, niseme utani ndio uliotuponza. Watu wengi wamenionea huruma kwa maelezo hayo. Lakini mimi niliona.

Ilikuwa Makutupora, msimu wa kuvuna zabibu, tulipokwenda kuwapigia vibarua. Tulipomaliza alikwenda kwenye pipa la maji kunawa, nikamfuata ninawe na mimi. Alikuwa amefungua leso. Chini ya koromeo palikuwa pamevimba, upande mmoja kuliko mwingine, ukubwa wa ngumi ya mtoto, na alipomeza mate ule uvimbe ulipanda ukashuka. Aliniangalia. Safari hiyo hakutania. Alisema, "Shemeji, hiki kitu kinakua."

Mimi niliichukua leso pale ukingoni mwa pipa nikamfunga mwenyewe. Nikaweka fundo mbele, nikalinyoosha. Nikamwambia tumalize msimu kwanza, tuna harusi mbili na shughuli moja ya wakubwa wa serikali, tukimaliza tutakwenda hospitali. Akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyejua, kwa sababu nani atamuuliza kaoboi kwa nini amevaa leso? Hata Mrangi aliyekuwa anasimama hatua mbili kutoka kwake hakujua.

Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Kila tukipata mwaliko nilisema baada ya huu. Nilijua kwa kusikia tu kwamba watu hupasuliwa shingo na wengine hurudi bila sauti. Nilikuwa nimepiga zeze nyuma ya sauti ile zaidi ya nusu ya maisha yangu. Mtu mwenye shamba moja anaogopa moto kuliko mwenye mashamba kumi, na mimi lile ndilo lilikuwa shamba langu. Hapa ndipo ninapojiona mbaya: niliogopa kwa ajili yangu kabla ya kuogopa kwa ajili yake.

Siku moja dada alikuja kwangu kwa miguu, mwenyewe, jua kali. Hakuomba maji. Alisema, "Kaka, mume wangu siku hizi analala amekaa. Akijinyoosha anakabwa. Ninyi mnasikia nyimbo, mimi nasikia anavyohema." Kisha akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikasema nilijua. Akavuta kanga yake begani, akaondoka. Mpaka leo huniamkia kama anavyomwamkia mgeni.

Kesho yake tulikwenda hospitali sote wanne. Daktari alikuwa kijana, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akamfungua shemeji leso taratibu kama anayefungua kidonda. Alimpima, akampeleka kwenye picha, tukarudi siku nyingine. Ndipo akatueleza kwamba tezi imekua mpaka inabana njia ya pumzi, na lazima itolewe. Akasema nyuma ya tezi inapita mishipa midogo ya sauti, myembamba kama uzi, na kwa ukubwa ule haionekani vizuri.

Shemeji akauliza, "Sauti itabaki?"

"Mzee, kwanza tuongelee pumzi."

"Pumzi nimeelewa. Nauliza sauti."

Daktari akasema ya kuongea ataipigania. Ya kuimba hakuahidi. Ile ya kupanda juu, alipoelezwa, alisema mngekuja mapema ningewaambia maneno mengine.

Shemeji akanigeukia. Mkewe yuko hapo, daktari yuko hapo, yeye akanigeukia mimi. "Shemeji, unasemaje?"

Nilitakiwa kusema ukatwe. Ni neno moja, hata mtoto angelisema. Nilifungua mdomo na halikutoka. Nilikuwa nasikia, wallahi, nilikuwa nasikia pale anapovunja sauti kwenye ule wimbo wetu wa kufungulia, na nilikuwa nataka kuusikia mara moja zaidi. Dada akawa ananitazama. Ni Mrangi aliyesema, akiwa ameshika kofia yake mapajani, "Akatwe, daktari. Mtu kwanza." Shemeji akasema haya, bila kuniondolea macho.

Alikatwa. Tulikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, Mrangi akaenda kuswali akarudi, akaenda tena akarudi. Alipoamka alitaka maji, na neno maji lilitoka kama upepo unaopita chini ya mlango. Daktari alisema tusubiri, wakati mwingine inarudi, miezi sita, hata mwaka.

Basi nikasubiri. Kila asubuhi nilikwenda kwake. Nilijifanya napita tu, naelekea shambani, ingawa shamba langu liko upande mwingine na yeye anajua. Nilikaa kigogoni, akaleta uji, tukanywa. Sauti ya kuongea ilirudi kidogo kidogo, ya mkwaruzo, mtu wa mbali haisikii. Ya juu hakuna. Alikuwa anajaribu, namwona anavyokaza shingo, kovu linakuwa jekundu, anafika pale sauti inapotakiwa kuruka na panatoka hewa. Mimi nimeinamisha kichwa nimetega sikio. Miezi sita ikapita. Mwaka ukapita, na mvua zake, na mimi bado naenda.

Asubuhi moja aliweka kikombe chini kabla hajanywa. Akasema kwa ile sauti ya mkwaruzo, pole pole ili nisipoteze neno, "Shemeji, usije tena asubuhi. Unanisikiliza kama watu wanavyokaa na mgonjwa wakingoja akate roho. Mimi sijafa."

Nilitafuta utani wa kumjibu. Miaka yote ile utani haukuwahi kuniishia, siku hiyo uliisha. Nikainuka nikaenda nyumbani.

Siku mbili sikwenda. Ya tatu nilikwenda saa saba mchana, jua la utosi, saa ambayo hakuna mtu anayeimba. Alikuwa anatengeneza ua wa mbuzi, nikamshikia miti akaifunga. Akanieleza kuhusu mbegu ya uwele aliyopewa na jirani, kwamba inakomaa haraka lakini ndege wanaipenda mno. Alieleza kwa kirefu, akikohoa katikati. Nikamuuliza ameipanda upande gani, akanionyesha kwa kidole. Nilijitahidi kusikia maneno tu.