Dubu Aliyerudi Asubuhi Ile

Kibanda cha video cha Machage pale Iringo kilikuwa na mabenchi, televisheni moja, deki moja, na Bernado. Machage mwenyewe alisema deki ikiharibika ataazima nyingine, ila Bernado akiugua atafunga mlango. Filamu zilikuja na Kiingereza chake, watu wa Musoma walitaka kuelewa, na Bernado, aliyesoma kwa mapadri mpaka kidato cha pili, alishika kipaza sauti akazisimulia kwa Kiswahili huku picha ikienda. Alipokosa neno alitunga. Nani angemkamata?

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Alikuwa mkulima wa pamba upande wa Butiama, akaja mjini na mkewe Ursula enzi za ruksa, kila mwenye cha kuuza alipogeuka mfanyabiashara. Ursula akapata meza ya dagaa sokoni. Majirani walisema wamefuata maisha. Ukweli ni kwamba walikuwa wanakimbia nyumba.

Katika nyumba ile alifia binti yao wa kwanza, Wankyo. Ilikuwa miaka ya shida, maduka matupu, watu wanafulia majani ya mpapai. Habari zikafika kwamba duka la ushirika la Bunda limeletewa sabuni. Mtoto aliamka na homa asubuhi hiyo. Bernado akamgusa shingoni, akasema ni homa ya kawaida tu, jioni atakuwa amerudi, akadandia lori la pamba. Kule Bunda kila mtu aliweka jiwe lake kwenye foleni kushika nafasi, na aliyekwenda kulala kwao alikuta jiwe lake limetupwa. Jioni dirisha likafungwa Bernado akiwa amelikaribia kabisa. Akaona ni ujinga kupoteza nafasi, akalala palepale kando ya jiwe. Kesho yake alirudi na miche miwili ya sabuni, akakuta watu wamejaa uani. Sabuni ileile ndiyo iliyomwosha mtoto.

Tangu hapo mume na mke waliongea mambo yote, mvua, bei, mdogo wake Wankyo, Alfonce, na masomo yake, lakini siku ile hawakuigusa. Bernado hakujua mwanawe alikufaje. Hamu ya kujua ilimla, na kuuliza hakuthubutu.

Ndipo ikaja ile kanda ya katuni. Dubu, mnyama ambaye mkoa mzima wa Mara hakuna aliyewahi kumwona, na wengine walishikilia kuwa ni fisi aliyenenepa, anatoka asubuhi kwenda kutafuta asali, na huku nyuma mwanawe anakufa. Fundi saa mmoja mzee anampa saa inayorudisha siku. Dubu anarudi mpaka asubuhi ileile. Hapo Bernado alikohoa kidogo, akatangaza, "Dubu amebaki nyumbani, mtoto amepona." Lakini picha ilionyesha wanyama wamejaa nyumbani kwa dubu, vichwa vimeinama.

"Wanasali kushukuru," akasema Bernado.

Kibanda kikachafuka. Masatu, mvuvi wa Rukuba asiyekubali kushindwa hata na redio, alisema hadithi inavuja. "Asubuhi ile dubu si alikuwepo tayari? Huyu anayerudi ni wa pili. Sasa mama dubu atalala na yupi?"

Watu wakacheka. Justina, muuza mandazi wa mlangoni, aliona tatizo jingine. "Kama mtoto amepona, baba hana sababu ya kutafuta saa. Na kama hakuitafuta, mtoto amepona na nini?"

"Katuni hawaulizagi hivyo, dada," Masatu akamjibu.

"Mimi naulizaga."

Ubishi ukahamia sokoni na mwaloni, kwenye mitumbwi ya wavuvi. Watu walirudi kuitazama kanda ileile ili tu wamshinde jirani, na Machage akamwombea dubu maisha marefu.

Aliyejua Kiingereza kweli alikuwa mwalimu Rafaeli wa shule ya msingi. Siku moja akamvuta Bernado nje. "Kaka, hii filamu haivuji. Unaivujisha wewe. Dubu anarudi na mtoto anakufa vilevile. Anachopata ni kukaa naye siku ile."

"Najua," Bernado akasema.

"Sasa mbona husemi?"

Bernado aliingia ndani kurudisha kanda mwanzo.

Justina ndiye aliyemfikishia Ursula habari, kwamba dubu wa mumewe amewashinda watu. Jumapili baada ya misa Ursula akaja kibandani kwa mara ya kwanza, akakaa benchi la nyuma. Bernado alimwona picha ikiwa imeshaanza. Walipofika kwa wale wanyama walioinama, akasema tena wanasali kushukuru. Ubishi ukaanza, na Ursula akainuka akatoka.

Bernado akaweka kipaza sauti chini, akamfuata. Alimkuta barabarani anatembea taratibu.

"Baba Alfonce, yule mtoto hakupona."

"Hakupona."

"Na baba yake alifanyaje?"

"Alikaa naye. Alimshika mkono mpaka mwisho."

Ursula alisimama. Alifungua kanga ya kichwani, akaikunja, akaifunga upya.

"Wankyo alikuwa anakuita usiku kucha," akasema. "Alfajiri macho yalikuwa hayaoni tena. Nikamwambia baba amefika. Nikampa mkono wangu, nikasema shika, huu ni wa baba."

Bernado akautazama mkono ule.

"Akaushika. Akasema, 'Baba, una baridi, umetoka mbali.' Akanyamaza hivyohivyo. Miaka yote hii naogopa utaniambia nilimdanganya mtoto anayekufa."

Bernado alikaa chini kando ya barabara, mtu mzima na shati lake la misa, akalia kwa sauti. Kibandani watu walikuwa wanapiga kelele wakimwita aje aseme, maana picha ilikuwa inaendelea. Ursula hakumwambia anyamaze. Alikaa pembeni yake, akamshika mkono.