Walioshushwa Nduli

Mbuke alikuwa hajawahi kupanda ndege, na mpaka siku ile aliamini kwamba kitu cha kuogopa ni ndege yenyewe. Alifunga mkanda kama alivyoonyeshwa, akamfunga na binti yake Kulwa, halafu akashika kiti kwa mikono miwili tangu walipoondoka uwanja wa Songwe mpaka ndege ilipotulia juu ya mawingu. Kulwa yeye alikuwa amebandika paji la uso dirishani, anatafuta ng'ombe wa baba yake.

"Mayu, Ubaruku iko upande gani?"

"Sijui, mwanangu. Usiinamie sana huko."

Baba mtu, Nyanda, alikuwa amebaki nyumbani Ubaruku, kwenye bonde la Usangu, pamoja na Doto, pacha wa Kulwa. Doto alikuwa ameshampita mama yake urefu. Kulwa alikuwa mdogo kama mtoto aliyeanza shule jana, na akitembea kidogo tu alichuchumaa chini kutafuta pumzi. Kwa miaka mingi waliambiwa ana pumu, mara damu ni chache, mara mambo mengine ambayo Mbuke hapendi kuyarudia. Mwaka jana ndipo daktari mmoja wa Mbeya alipompima vizuri na kuwaeleza: moyo una tundu, na njia ya damu kwenda kwenye mapafu ni nyembamba. Kulikuwa na madaktari wageni wanaokuja Dar es Salaam kwa juma moja kuwapasua watoto wa namna hiyo. Jina la Kulwa lilikubaliwa, na kanisa likasaidia tiketi.

"Msimpeleke kwa basi," yule daktari wa Mbeya alisema. "Siku nzima barabarani itamchosha. Apande ndege, na dawa anywe asubuhi na jioni. Asikose hata mara moja, mama, umenielewa?"

Mbuke alielewa. Dawa alizitia kwenye mkoba mweusi pamoja na vyeti vya hospitali, na mkoba ule hakuuachia mpaka ndani ya ndege, mhudumu alipomwomba kwa upole auweke kwenye kabati la juu.

Ndege ilikuwa inapitia Iringa kuchukua abiria wengine. Ilitua uwanja wa Nduli mchana, watu wachache wakashuka, wengi wakapanda. Mbuke akaona jambo ambalo hata yeye mgeni alijua si la kawaida: watu waliopanda walikuwa wamesimama katikati na pasi zao za kupandia mkononi, wakitazama namba za viti, na viti vilikuwa vina watu. Wahudumu wakanong'onezana. Mmoja akashuka, akarudi na mwanamume mwenye shati jeupe na redio kiunoni. Jina lake lilikuwa Adrian, ndiye msimamizi wa kampuni ile pale Iringa. Akasimama mbele akasoma majina.

La kwanza lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Mbeya, Isihaka. La pili na la tatu yalikuwa ya Mbuke na mwanawe.

"Naomba mshuke. Kuna tatizo la viti, mtapewa maelezo nje."

Isihaka alianza kubisha palepale. Mbuke hakubisha. Hapa inafaa kueleza kidogo habari zake, kwa sababu wengi waliosikia kisa hiki humuuliza kwa nini alinyanyuka. Alizaliwa Maswa, akaletwa Usangu mgongoni, wazazi wake wakifuata malisho. Alipokuwa mama kijana waliambiwa walipokuwa wanaishi hapafai tena kwa mifugo, wahame. Wakahama. Wakafika mahali pengine, wakahamishwa na hapo. Katika maisha hayo Mbuke alijifunza jambo moja mpaka likaingia kwenye mifupa: mtu mwenye sare akisema ondoka, unakusanya watoto kwanza, na maswali unayaacha. Kwa hiyo aliposikia jina lake, miguu ilisimama kabla kichwa hakijafikiri. Akamfungua Kulwa mkanda, akambeba, akapita katikati ya watu waliokuwa wanamtazama kama mtu aliyefumaniwa na kosa.

"Mayu, tumekosa nini?" Kulwa aliuliza kwenye ngazi.

Upepo wa Nduli ulikuwa mkali na wa baridi, ukamvua mtandio. Waliingizwa kwenye ukumbi mdogo, wakaonyeshwa benchi. Nyuma yao injini zikapanda sauti. Mbuke alitazama kupitia kioo, akaiona ndege ikikimbia na kunyanyuka, na wakati huohuo mikono yake ikaanza kutafuta kitu begani, mapajani, chini ya benchi.

Mkoba haukuwepo.

Anasema hakupiga kelele. Kitu pekee alichoweza kufanya ni kumtazama Kulwa midomo. Bado ilikuwa na rangi yake. Bado.

Isihaka, aliyekuwa anagombana na dada wa kaunta, aliona sura ya Mbuke akanyamaza.

"Dada, vipi?"

"Dawa za mtoto. Zimeondoka na ndege."

"Dawa za nini?"

"Moyo."

Isihaka alishika kiuno, akamtazama mtoto, akamtazama Mbuke. Kisha akakaa kando yake, akasema kwa sauti ya chini, upesi upesi:

"Nisikilize. Mimi hawa walishanishusha mara moja, nikafuatilia mpaka nikajua. Wameuza viti kuliko vilivyomo. Walitakiwa waulize kwanza nani yuko tayari kubaki kwa hiari, tena mgonjwa na mtoto wasiguswe. Sasa wameshakushusha. Wakupe chakula, wakupe pa kulala, wakupe ndege ya kwanza inayofuata, na fidia juu. Usiwaombe kama unaomba msaada. Ni haki yako. Na usikubali waandike kwamba umeshuka kwa kupenda, unasikia? Ukikubali hilo, yote yamekufa."

"Wewe utakuwepo, kaka?"

Isihaka akainamisha macho. Mzigo wake ulikuwa unamsubiri bandarini. Alikuwa ameshaamua kuteremka Ipogolo, kwenye barabara kuu, akadake basi la kwenda Dar. Akamwachia namba ya simu, akamshika Kulwa kichwani, akatoka. Mbuke alimsikia anafunga mlango wa teksi, na ukumbi ukawa kimya. Hapo ndipo hofu ikamkaa sawasawa. Mji hakuujua. Iringa alikuwa anaiona tu kwenye vibao vya mabasi. Simu yake ilikuwa na chaji kidogo, na Nyanda alikuwa machungani, hapatikani.

Dada wa kaunta aliitwa Sabina. Alikuwa anakusanya vitu vyake.

"Mama, leo hakuna ndege nyingine. Nenda mjini upumzike, acha namba, tutakupigia."

"Mjini kwa nani?"

"Huna ndugu Iringa?"

"Sina."

Sabina akasita. Akasema ofisi inafungwa, hana mamlaka, bosi ndiye mwenye uamuzi. Mbuke akamshusha Kulwa kwenye benchi, akaenda akasimama mbele ya mlango wa ofisi. Alijua kwamba akifukuzwa kwa ukali ataondoka, kwa hiyo akakaa chini sakafuni ili kuondoka kuwe kugumu.

"Siondoki," akasema. Ilitoka kama mnong'ono. Akairudia.

Adrian akatoka. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo lilimtisha Mbuke zaidi.

"Mama, hapa ni uwanja wa ndege, si mahali pa kukaa hivyo. Nikiita askari itakuwa aibu kwako."

Maneno ya Isihaka yalikuwa yamechanganyika yote kichwani. Akashika lililokuwa karibu.

"Nipe chakula cha mtoto. Na pa kulala. Na ndege ya kesho. Dawa zake mmeondoka nazo."

"Nani amekufundisha hayo?"

Mbuke aligeuka kumtazama Kulwa kwenye benchi.

Adrian akachuchumaa, sauti ikalainika. "Sikia, mama yangu. Tusaidiane. Mimi naandika kwamba ulijitolea kuwapisha wenzako, unaona? Halafu natafuta namna, kesho mnaondoka wa kwanza. Ukianza mambo ya malalamiko, jina lako linaingia kwenye mlolongo mrefu, na safari yako inaweza kukwama. Na mtoto ana daktari wa kuwahi."

Ilikuwa inamwingia. Anakiri hilo bila kuficha. Wakimkasirikia, kesho watasema tena viti vimejaa, na kesho kutwa, na madaktari wageni watafunga mizigo yao warudi kwao. Kumkubalia mtu huyu kulikuwa rahisi mno, neno moja tu. Alifungua mdomo.

Nyuma yake akasikia kishindo kidogo.

Kulwa alikuwa ameshuka kwenye benchi na kuchuchumaa sakafuni, kichwa kimelala magotini. Mbuke aliruka. Alipomwinua uso, midomo ilikuwa ya bluu, na kucha zimekuwa kama zimepakwa wino. Macho yalikuwa wazi lakini hayamtazami mtu.

"Kulwa! Kulwa, mayu yupo hapa!"

Alimlaza ubavu, akamkunja magoti hadi kifuani kama alivyofundishwa Mbeya, akamshikilia hivyo huku mwili wote wa mtoto ukihema kwa shida. Adrian alikuwa amesimama, redio mkononi, haibonyezi. Mbuke alimtazama, na anasema hapo hofu ya mtu yule ilimtoka, kwa sababu hofu nyingine ilikuwa imejaa nafasi yote.

"Sikujitolea!" alimpigia ukelele. "Mmetushusha! Akifa hapa mtaandika nini?"

Sabina ndiye aliyekimbia. Aliita gari la uwanjani, akaingia nyuma pamoja nao bila kumuuliza bosi wake, na njia nzima kuteremka mjini alishika miguu ya Kulwa iliyokunjwa wakati Mbuke amemshika kichwa. Dereva alipiga honi mfululizo. Mbuke hakuomba kwa maneno. Alikuwa anahesabu pumzi za mwanawe, na kila moja ilipochelewa, yake nayo ilikwama.

Hospitalini walimwekea mpira wa oksijeni. Daktari aliuliza vyeti, Mbuke akasema viko Dar es Salaam ndani ya ndege. Akauliza jina la dawa, Mbuke hakulijua, alijua rangi na umbo la kidonge tu. Sabina akatoa simu, akapiga hospitali ya Mbeya, akapigishwa kona huku na huku mpaka akampata yule daktari, akampa mwenzake wa Iringa waongee wenyewe. Jua lilipokuwa linazama midomo ya Kulwa ilikuwa imerudi, na alikuwa anaomba uji.

Adrian alifika jioni hiyo akiwa ameshika kofia. Alisema kampuni itagharamia matibabu, chakula na nyumba ya wageni, na nafasi zao za kesho zipo. Safari hii hakutaja habari ya kuandika kwamba alijitolea.

Usingizi haukumjia Mbuke. Kesho yake daktari wa Iringa alimpa Kulwa dawa na kuwaruhusu wasafiri, lakini Mbuke hakuamini neno la mtu yeyote. Ndege ilikuwa imejaa tena, na alipomwona mfanyakazi anapanda na kusimama mbele, alimkumbatia Kulwa kwa nguvu hata mtoto akalalamika. Mfanyakazi akasema: "Ndugu abiria, tunahitaji mtu mmoja aliye tayari kubaki mpaka safari ya jioni. Atalipwa na atahudumiwa." Kijana mmoja mwenye laptop akanyoosha mkono, akacheka na wenzake, akashuka. Ilichukua muda mfupi hivyo. Mbuke hakumwachia Kulwa mpaka Dar.

Walikuta zamu ya Kulwa imepewa mtoto mwingine. Siku zilizofuata zilikuwa za kusubiri kwenye korido, na kila muuguzi aliyepita na faili alimshtua. Siku ya mwisho ya wageni wale, mchana, wakamwita Kulwa. Alitoka chumba cha upasuaji akiwa na mipira kila mahali, na midomo yenye rangi ambayo mama yake alikuwa hajawahi kuiona usoni mwake. Alidhani wamempaka kitu.

Afisa ustawi wa jamii wa hospitali ile ndiye aliyemsikiliza habari ya Nduli mpaka mwisho, akamsaidia kupeleka malalamiko kwa kampuni, na kampuni ilipokaa kimya, kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa anga. Mbuke aliogopa kila hatua. Alipoitwa kutoa maelezo aliuliza mara mbili kama anaweza kufungwa. Isihaka alikuja kuwa shahidi wake, akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Sabina naye alieleza alichokiona, ingawa alijua anakula wapi. Mkoba mweusi ulipatikana, umefungwa kama ulivyokuwa. Fidia ililipwa.

Sasa Kulwa yuko Ubaruku, anagombana na Doto kuhusu zamu ya kuchota maji, na anataka kukimbia kila mahali hata pasipo na sababu. Mbuke hajawa jasiri. Ukimuuliza atakwambia hivyohivyo: akiona redio kiunoni mwa mtu, anaanza kukusanya watoto.

Mwezi mmoja baada ya kurudi, simu iliita akiwa anapepeta mpunga. Alikuwa Adrian. Alisema anaomba radhi, yeye mwenyewe, si kampuni. Alisema naye ana binti.

Mbuke alisimama na ungo mkononi. Mwisho akasema, "Asante, baba," kama mtu aliyezoea. Simu ilipokatika alikasirika mpaka machozi yakamtoka, kwa nini amemshukuru. Akampigia tena. Iliita muda mrefu.

"Mimi Mama Kulwa," alisema Mbuke, Adrian alipopokea simu. "Ile asante, sikuimaanisha. Siku ile ulitaka niseme uongo huku mwanangu anakufa. Nimesikia radhi yako. Basi."

Akakata, akaketi kwenye gunia, akaendelea kupepeta mpunga.