Mhasibu Kuwekwa Kundi Moja na Karani Mpya

Juma lililopita nilikuwa kaunta ya ofisi ya chama cha wakulima hapa Lushoto, nikisubiri risiti ya mbegu za kabichi. Kompyuta zilikuwa ndiyo kwanza zimefika, na fundi kutoka Tanga alikuwa akiwapanga wafanyakazi na mashine zao katika makundi, kila kundi na mafaili yake na printa yake.

Akaingia mke wa mhasibu na chupa ya chai ya mumewe. Alipopita nyuma ya fundi akasimama ghafla, akakaza fundo la kitenge. Kwenye kioo cha kompyuta, jina la mumewe lilikuwa chini ya jina la karani mpya, yule binti wa Mombo.

"Nani kawaweka pamoja hawa?"

"Mimi. Shikamoo, mama."

Shikamoo haikuitikiwa. "Watenganishe."

"Wanatumia printa moja tu, mama."

"Mambo huanzia huko huko!"

Mhasibu, mezani kwake, akamtazama mkewe, akainamisha kichwa. "Nitoe, fundi. Mimi ndiye ninayerudi naye nyumbani."

Fundi akamtengenezea kundi lake peke yake, akauliza aliite nini.

"Andika Mume wa Mtu," akasema mama, na ndipo akamimina chai.

Jana nilirudi. Kundi la Mume wa Mtu halina printa. Kila akitaka kuchapa, mhasibu hubeba disketi yake na kiti chake hadi mezani kwa karani, wakakaa bega kwa bega mbele ya mashine moja.