Kamba ya Mashemeji Wawili na Nusu

Kama unatafuta mtu wa kukufukuzia wateja kwa adabu, njoo nikuazime shemeji yangu. Ni kaka wa mke wangu, kwa hiyo kumfukuza yeye siwezi. Miaka mingi alifanya kazi kwenye kiwanda cha kamba, akizivuta kwa mashine mpaka zikatike ili ijulikane kila moja nguvu zake ni kiasi gani. Kiwanda kilipofungwa akaja kwangu na begi moja na mizani ya springi, ile ya kuning'iniza. Akaitundika kwenye boriti ya duka langu la kamba na minyororo kama mtu anayetundika picha ya baba yake.

Mizani ile haina kilo, ina nyutoni. Shemeji naye ni hivyo hivyo. Mteja akiuliza kamba inabeba ngapi, anajibiwa kwa nyutoni. Akikunja uso, anaelezwa kwamba kilo ni wingi wa kitu, ila kamba haijui wingi, inajua kuvutwa tu, na kuvutwa hupimwa kwa nyutoni. Kufikia hapo mteja ameshavuka barabara kwenda kwa jirani. Nimemsihi, dada yake kamsihi, ni kumpigia mbuzi gitaa.

Asubuhi moja akaja mchimba visima. Akachagua kamba nyembamba ya nailoni, akauliza inabeba ngapi. Shemeji akamwambia elfu mbili, nyutoni. Yule bwana akaridhika, akauliza bei. Nikamtajia bei yangu ya kuanzia, ile ambayo hata mimi huionea haya. Akatoa pesa.

Hapo nikashtuka. Mtu asiyeomba kupunguziwa hajui anachonunua. Nikamwuliza anakwenda kushusha nini. Akasema pete za zege za kisima, kila moja kilo mia sita, na mdogo wake atakuwa chini kuzipokea.

Nikamwambia kamba hiyo haifai, achukue ile nene. Akanitazama kwa jicho la mtu aliyegundua anataka kuibiwa.

"Mwenzako kasema elfu mbili. Mimi nina mia sita. Wewe bosi unataka tu kuniuzia ya bei mbaya."

Akaacha pesa juu ya kaunta, akaitia kamba begani.

"Lakini nilimwambia nyutoni," Shemeji akasema, kana kwamba kazi yake imekwisha. Kisha akaanza habari za uzito wa mtu akiwa mwezini. Mchimba visima akashika kitasa cha mlango.

"Shemeji," nikasema, "achana na mwezi. Ning'inia."

Akabisha kwamba mizani si bembea. Nikamwambia dada yake atasikia. Akashika ndoano kwa mikono miwili, akakunja miguu, mshale ukaenda ukasimama kwenye mia nane. Mchimba visima akageuka, maana mtu mzima anayening'inia kama popo haonekani kila siku. Nikamwita aje asome mwenyewe.

"Huyu ni mia nane. Kamba yako ni elfu mbili. Inabeba mashemeji wangapi?"

"Wawili," akasema. "Na nusu."

"Na kwa kilo, huyu ana themanini. Pete yako ni mashemeji wangapi?"

Nilimwona akihesabu kwa vidole, akampita wa pili, akampita wa tatu, akafika wa saba, vidole vikasimama. Akaishusha kamba begani polepole.

"Na mdogo wangu yuko chini," akasema, wala hakuwa akituambia sisi.

Kisha akauliza bei ya ile nene, tukavutana mpaka jasho likanitoka. Nikatulia moyo. Sasa alijua anachonunua.

Ungedhani Shemeji kajifunza. Wapi! Habari zimeenea, wateja wanaingia wakiomba kamba ya mashemeji kumi, biashara imechangamka, yeye kanuna. Anasema mtu si kipimo, mtu hubadilika. Nikamwambia basi asibadilike. Akalishika neno hilo kama lilivyo. Sasa mke wangu ananilalamikia mimi kwamba kaka yake anakataa kuongezewa chakula, na kila asubuhi nikiingia dukani namkuta kaning'inia kwenye ndoano, shingo kaipinda, anahakikisha bado ni mia nane.