Nusu Kikombe cha Chakula Kizito

Jumamosi, kwenye makaburi ya Ngoingwa, tulimzika mama aliyetulelea watoto pale mtaani Kiuu, katika chumba kimoja cha kupanga, sisi tukiwa kazini. Nimonia ilimchukua kwa siku nne. Watoto waliopitia mikononi mwake ni wengi, lakini wazazi tuliofika kaburini tulikuwa watatu. Wengine walituma picha za mishumaa kwenye WhatsApp.

Nami sina uso wa kuwasema wenzangu. Binti yangu alipokuwa na miezi tisa, nilimwacha kwake kila asubuhi na chupa moja ya uji wa kutwa nzima, nikaenda ofisini Thika. Jioni moja mama yule aliniketisha, akachota uji kwa kijiko, akakiinamisha. Ukamwagika wote kama maji. "Mama, huyu mtoto anajaa tumbo, lakini hali," aliniambia. Akanieleza kwamba mtoto wa umri huo apewe chakula kizito, nusu kikombe, mara tatu kwa siku, na katikati kitu kidogo kama ndizi, mara moja au mbili, na bado anyonye. Kumbe siku zote alikuwa akimpondea viazi na maharagwe kutoka sufuria yake mwenyewe. Badala ya kushukuru, nilikasirika. Nilihisi nimeitwa mama mbaya na mtu ambaye hakumaliza shule, na wiki iliyofuata nikamhamishia mtoto Kahawa Sukari, kwenye nyumba ya kulelea watoto yenye walezi waliovaa sare na kuta zilizochorwa wanyama.

Baada ya miezi miwili, muuguzi wa kliniki alinionyesha kwenye kijitabu cha mtoto jinsi mstari wa uzani ulivyoshuka. Nilipodadisi, nikaambiwa kule alikuwa akilishwa mara moja tu, kisha analazwa. Nilirudi Kiuu nikiwa nimejiandaa kuomba msamaha. Hakuningoja nianze. "Amekula saa ngapi?" aliuliza, akampokea mtoto.

Msamaha ule niliuahirisha miaka sita, hadi nikaufikisha kaburini. Ndivyo tulivyo tunaokimbilia ofisi na viwanda: tunamhoji mlezi kwa nini nguo ina doa, lakini hatumuulizi chakula alichokula mtoto, wala kiasi gani. Mtoto wa miezi tisa hawezi kusema ameshinda njaa. Anayemsemea huenda asichague maneno ya kutupendeza, lakini tukimziba mdomo kwa kiburi chetu, atakayekonda si sisi.