Verna Pinkham na Watu wa Kuja

Verna Pinkham alichambua nyama ya kaa miaka arobaini na mmoja pale Tibbetts, kijiji cha pwani ya jimbo la Maine, Marekani, na kama kuna kitu alichokijua kuliko kaa, ni nani mwenyeji na nani mtu wa kuja. Hata ukizaliwa Tibbetts, kama baba yako alihamia kutoka Connecticut, kwake ulikuwa mtu wa kuja mpaka kaburini.

Jumamosi moja, kwenye chakula cha maharage kanisani, Corinne Lasky, mtoto wa miaka tisa aliyezaliwa pale na baba wa kuja, alijisifu kwamba yeye ni wa Maine. Verna akaweka kijiko chini.

"Paka akizalia kwenye tanuri, wanawe utawaita mikate?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mtoto alilia, na Verna akajiongezea maharage.

Miaka thelathini baadaye Verna alivunjika nyonga. Binti yake, Darlene, akamchukua kwake New Hampshire, jimbo jirani, ng'ambo tu ya mto wa mpakani, akamwandikisha huko kila kitu, hadi kura. Kwa majira mawili ya baridi bibi alikuwa na wimbo mmoja tu: nirudisheni Tibbetts. Nyumba ya wazee ya pale ilikuwa na chumba kimoja kinachotazama bandari. Walitaka amana ya dola elfu sita kabla ya Ijumaa saa kumi, siku ile ile ya kuuza nyumba yake ya Tibbetts. Benki ikishachukua deni lake, zingebaki elfu sita na mia mbili.

Wiki tatu kabla, wakili wa mauzo alituma fomu. Muuzaji asiyeishi Maine hukatwa na mnunuzi asilimia mbili na nusu ya bei, iende kwa serikali ya jimbo kama kodi ya awali, isipokuwa awe ameomba msamaha mapema. Verna angesamehewa bila shida.

"Jaza, Mama. Ukurasa mmoja tu," Darlene alimsihi.

"Nijaze nini? Hii ni ya watu wa kuja!" Akaitumbukiza kwenye jiko la kuni, akafunga mlango wake kwa teke.

Ijumaa ikafika, wakakutana ofisini kwa wakili kule Tibbetts. Mnunuzi alikuwa Corinne Lasky. Verna alilijua hilo tangu mkataba, akajikaza. Pesa ya mtu wa kuja nayo ni pesa.

"Unaishi Maine, Bi Verna?" wakili aliuliza.

"Mimi? Babu wa babu yangu kazikwa hapo kilimani!"

"Sikuulizi kaburi. Leseni yako ya udereva ya wapi?"

Verna akamgeukia Darlene. Darlene akaitoa mkobani: ya New Hampshire. Nyumba iliuzwa dola laki mbili na elfu arobaini. Zikakatwa elfu sita kamili.

"Corinne, mwanangu," Verna alisema, "waambie wewe. Si unanijua?"

"Nakujua sana, Bibi. Nisipokata, nitadaiwa mimi."

"Utaomba urudishiwe mwakani," wakili alisema.

"Na chumba changu?"

Corinne alikuwa anavaa koti. "Usihangaike, hakitakaa wazi. Anayefuata kwenye orodha ni baba yangu."

Mkuki kwa nguruwe, wasema wenyewe. Verna akajikongoja kuelekea mlangoni.

Corinne alimshikia mlango kwa adabu zote. "Karibu tena kiangazi, Bibi. Wageni wetu wengi huja kiangazi."

Darlene alimfunga mama yake mkanda, akaendesha kuelekea darajani, kurudi New Hampshire.