Kadi ya Shangazi wa Magara

Kwa miaka mingi, ukoo wetu ukifanya harusi Rumonge, mlangoni nilikaa mimi na kaye yangu, daftari la wageni. Sikumuuliza mtu jina. Nilijua nani ametoka Gatete, nani Bugarama, nani haongei na nani. Mama alizoea kusema, "Bila huyu, harusi haina mlango."

Kisha kaka yetu akaposa, na mdogo wangu anayeishi Bujumbura akaja na simu yake. Kila mwalikwa alichapiwa kadi yenye kode, kale kamraba ka vidoadoa vyeusi. Jina halikuandikwa juu. Lilikuwa ndani ya kode. Simu ikiisoma, inawaka kijani na kuonyesha jina na meza.

"Mwanangu, akili hii umeitoa wapi?" Mama alimwambia. Mimi nilikuwa palepale, nachambua mchele. Hakuna aliyeniangalia.

Nikatumwa kupeleka kadi kwa wazee. Mdogo wangu alinieleza kwamba kila kode inaingiza mtu mmoja, mara moja tu. Ndipo shetani wa wivu akanipanda. Kadi ya shangazi yetu wa Magara niliificha chini ya godoro. Nikatoa fotokopi ya kadi ya mama mdogo wa Gatete, nikampelekea shangazi hiyo. Nilitaka simu iaibike mbele za watu.

Siku ya harusi mama mdogo alitangulia, akaingia bila shida. Shangazi alifika saa nane, kitenge kipya, vumbi la pikipiki miguuni. Simu ikawaka nyekundu.

"Iko nini?" akauliza.

"Inasema kadi hii imeshaingiza mtu," mdogo wangu akajibu.

Nyuma yake mtu akacheka: "Huyu mama amekuja na kadi ya kuazima!"

Shangazi aliikunja kadi, akageuka aondoke. Uso wake sikuwa nimeufikiria. Nilikuwa nimefikiria uso wa mdogo wangu tu.

Mdogo wangu aliweka simu mezani, akapiga goti. "Shangazi, unisamehe. Kosa ni langu." Akamshika mkono, akaenda kumketisha karibu na Mama.

Jioni, tukiosha masufuria, nilimwambia mdogo wangu ukweli.

"Nilijua," akasema bila kuinua kichwa. "Ile ilikuwa fotokopi, na kadi uligawa wewe."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya shangazi? Dada, angeumia mara mbili."

Ningependa kuandika kwamba wivu uliishia hapo. Haukuisha. Sasa nilimwonea wivu hata kwa wema wake.

Kesho yake nilikwenda Magara peke yangu. Shangazi alikuwa anaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilimweleza yote. Mikono yake iliendelea na kazi.

"Keti," akasema mwishowe. "Nisaidie kuzigeuza."

Niligeuza mpaka mgongo ukaniuma. Hakuniambia neno jingine, na harusi iliyofuata hakuja.